Akiba ya kompyuta huoza kimya kimya

Mwaka 1979, baada ya misimu miwili ya kuchimba, Mary Leakey na kikosi chake walifanya jambo ambalo mpita njia angelishangaa: nyayo walizozifukua kwa jasho jingi huko Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, wakazifukia tena. Zilikuwa nyayo 70 hivi, zimefuatana kwenye mstari wa mita 27, zilizokanyagwa juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita na viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Kuziacha wazi kungekuwa kuzikabidhi kwa mvua, jua na kwato za mifugo. Basi zikapimwa, zikapigwa picha, zikatengenezewa kalibu za kutolea nakala, kisha zikafunikwa kwa mchanga wa mtoni na kupangiwa mawe juu yake.

Kazi safi, ila mchanga ule ulikuja na mbegu za migunga. Mawe yakatunza unyevu, mbegu zikaota, na miaka ikapita bila mtu kwenda kuchungulia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na miti inayomzidi mtu kimo, imesimama juu ya nyayo maarufu kuliko zote duniani. Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani zikalazimika kufukua upya mwaka 1995 na 1996, kukata miti, kuchambua mizizi uzi kwa uzi mahali ilipokuwa imepenya, kupiga picha za vipimo na kurekodi hali ya kila unyayo. Walipofukia tena waliweka matabaka ya kitambaa maalumu, mojawapo likiwa na dawa ya kuzuia mizizi, na safari hii wakaacha utaratibu wa kukagua na kung'oa miche inayochipua.

Wahenga walituachia msemo kwamba akiba haiozi. Kwa fedha iliyo benki, haya. Akiba ya kompyuta, kama nyayo zile zilizoachwa bila kukaguliwa, inaoza, tena bila kutoa harufu, na mwenyewe hugundua siku anayoihitaji. Ndiyo maana taasisi za Karatu na Ngorongoro, za umma na za binafsi, zingefanya vyema kuacha kulipia kuhifadhi nakala na kuanza kulipia kurejesha.

Karatu si tena ule mji wa kituo cha mafuta na sambusa ambao magari ya watalii yaliupita kwa kasi yakikimbilia kreta. Kibali cha kuingia hifadhini hutolewa kwenye mfumo na hulipiwa kwa namba ya malipo. Loji hupokea maombi ya vyumba kutoka Ulaya usiku wa manane. Hospitali zina mafaili ya wagonjwa kwenye seva, SACCOS zina salio za wanachama, shule zina alama za mitihani, halmashauri ina kila kitu kuanzia leseni za biashara hadi orodha za watumishi. Haya yote yamehamia kwenye diski katika muda mfupi kuliko umri wa barabara ya lami. Ulinzi wake haujahama kwa kasi hiyo.

Tazama dawati la mapokezi la loji ya kawaida kati ya Rhotia na lango la Lodoare. Chini ya meza ipo kompyuta inayoitwa seva kwa sababu tu haizimwi. Pembeni ipo UPS, inayolia kila umeme wa TANESCO unapokatika. Nyuma, kwenye tundu la USB, imechomekwa diski ya nje tangu siku iliponunuliwa, imebandikwa kipande cha plasta ya karatasi chenye maandishi ya kalamu nzito: BACKUP USITOE. Humo ndimo yamo majina na namba za pasi za wageni, ankara za makampuni ya utalii ya Arusha, mishahara, stoo ya jikoni. Radi ikipiga kwenye waya, diski zote mbili zinaungua pamoja. Mwizi akivunja dirisha, anabeba zote mbili. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia kikiingia kupitia barua pepe, nacho hakibagui: diski iliyochomekwa kinaiona kama nyingine yoyote na kinaifunga. Lile agizo la USITOE ndilo lililobatilisha thamani yake.

Fundi aliyesoma mambo haya atashauri njia yenye sehemu mbili, na ushauri wake ni mzuri. Sehemu ya kwanza ni picha ya mfumo wa mafaili, ile ambayo mafundi wanaiita snapshoti. Mifumo kama ZFS, ambayo kampuni ya Sun ilianza kuitengeneza mwaka 2001 na kuiachia hadharani mwaka 2005, au Btrfs ya upande wa Linux, haiandiki juu ya data ya zamani. Faili likibadilishwa, sehemu mpya inaandikwa mahali pengine penye nafasi, halafu rejesta ya mfumo inaelekezwa huko. Kupiga picha maana yake ni kuuamuru mfumo usizifute zile sehemu za zamani. Kwa hiyo picha ya diski nzima huchukua nukta chache tu na mwanzoni haili nafasi yoyote ya maana. Mhasibu akifuta kwa bahati mbaya jedwali la Desemba saa nne asubuhi, picha ya saa tatu bado inalo lote, mstari kwa mstari, na kulirudisha ni kazi ya dakika.

Ukipiga picha wakati programu ya hifadhidata inaendelea kuandika, ni kama umeme umekatika ghafla: programu itakapofunguliwa kutoka kwenye picha hiyo itabidi ijikusanye kwanza kwa kusoma daftari lake la miamala. Nyingi zinaweza, mradi daftari hilo nalo limo kwenye picha ile ile. Kama liko diski nyingine, picha hiyo ni pambo. Mafundi wengi hawaulizi swali hili, na wateja wao hawajui kwamba lipo.

Picha iliyobaki kwenye diski ile ile hufa na diski ile ile. Hapo inaingia sehemu ya pili: kuipeleka nje, kwenye hifadhi ya objekti. Huduma ya aina hii iliyoeneza mtindo wenyewe ni S3 ya Amazon, iliyofunguliwa Machi 2006, na leo makampuni mengi yanauza hifadhi inayozungumza lugha ile ile ya S3. Humo hamna folda wala diski ya kuchomeka. Kuna baketi, na ndani yake kila kitu kimewekwa kizima chini ya jina lake: unakiweka, unakisoma, unakibadilisha chote au unakifuta. Huwezi kufungua na kurekebisha mstari mmoja katikati. Ugumu huo ndio unaoifaa nakala ya akiba. Tangu mwaka 2018 Amazon imeweka pia kufuli ya muda: ukisema kitu kisifutwe kwa siku 90, na ukachagua kiwango kikali, hata mwenye akaunti hawezi kukifuta kabla ya siku hizo kwisha. Mdai fidia aliyeiba neno la siri la meneja atagonga mwamba hapo.

Kati ya picha na baketi kuna njia mbili, na uchaguzi wake si wa kiufundi tu. Njia moja ni kumimina mkondo wa ZFS wenyewe: mara ya kwanza diski nzima, halafu kila usiku tofauti tu kati ya picha ya jana na ya leo. Ni njia nyepesi, lakini mikondo hiyo ni mnyororo. Ule wa Jumatano hauna maana bila wa Jumanne, wa Jumanne bila wa Jumatatu. Pete moja ikiharibika ndani ya baketi, zote zinazofuata ni uzito wa bure, na mkondo uliopata dosari hukataliwa unapopokelewa. Njia ya pili ni programu kama restic, inayosoma mafaili kutoka kwenye picha, kuyakata vipande, kuyasimba kwa njia fiche na kupakia vile vipande tu ambavyo baketi haijawahi kuviona. Kipande kimoja kikiharibika, yanaharibika mafaili yanayokitumia, si mwezi mzima. Kwa ofisi ya watu kumi yenye fundi anayekuja kwa pikipiki kutoka mjini, njia ya pili ndiyo ya kuchagua. ZFS ya kumimina iachiwe taasisi yenye mashine ya pili ya kupokea mkondo na kuufungua hapo hapo, usiku huo huo.

Mpaka hapa mpango unavutia, na wengi huishia hapa. Wanapiga picha, wanapakia, wanaona alama ya kijani, wanalala.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake hasa ni kutunza programu za watu wengine, ilikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili hifadhidata yake. Usiku huo mhandisi aliyechoka, akijaribu kurekebisha hitilafu, alifuta saraka kwenye seva akidhani ni ile ya pili, kumbe ni ile kuu. Alipogutuka na kusimamisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki nne na nusu. Wakakimbilia S3. Baketi ilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani lisilopatana na hifadhidata, hivyo kila siku ilishindwa. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa nazo zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua. Njia tano, na hakuna hata moja iliyokuwa tayari kwa kazi.

Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Hata hivyo kuinakili kutoka kwenye diski za polepole kulichukua saa 18 hivi, na kazi ya saa sita za wateja haikurudi tena. GitLab ilirusha zoezi la uokoaji moja kwa moja kwenye YouTube na baadaye ikachapisha kila kosa bila kuficha, ndiyo maana tunayajua haya. Ni uungwana ambao ofisi zetu nyingi zingeuona kuwa ni kujidhalilisha.

Kisa cha Kyoto, Japani, kilikuwa cha ajabu zaidi. Desemba 2021 chuo kikuu cha huko kilipoteza terabaiti 77 za utafiti kwenye kompyuta yake kuu, na aliyezifuta ni programu ya kuhifadhi nakala yenyewe, baada ya msambazaji kuifanyia marekebisho ikiwa bado inaendelea kufanya kazi. Na Septemba 2025, betri zilipowaka moto kwenye kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, mifumo zaidi ya 600 ilizimwa. Mingi ilirudi. Haikurudi G-Drive, hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi wa serikali, terabaiti 858, kwa sababu ilionekana ni kubwa mno kunakiliwa mahali pengine. Nchi yenye intaneti ya kasi kama ile ilikosa nakala ya pili kwa hoja ambayo afisa TEHAMA yeyote wa halmashauri ya Tanzania ameshaisikia kwenye kikao cha bajeti.

Wauzaji wa wingu wana jibu lao, nalo ni la tarakimu. Amazon inasema S3 imebuniwa kudumu kwa asilimia 99.999999999, yaani ukiweka vitu milioni kumi, utarajie kupoteza kimoja kila baada ya miaka 10,000. Hakuna sababu ya kubishana na hesabu hiyo. Ila tarakimu hizo zinahesabu kifo cha diski za Amazon tu. Hazimhesabu mhandisi wa GitLab, wala kadi ya benki ya loji iliyoisha muda na akaunti ikafungwa, wala baketi ambayo haikuwahi kuwekewa kitu. Walioweka data na nakala zao kwenye eneo moja la OVH kule Strasbourg, Ufaransa, walijifunza jambo hilo tarehe 10 Machi 2021 jengo lilipoteketea: walikuwa wamelipa, na walibaki mikono mitupu.

Zaidi ya hapo kuna jiografia. Loji yenye gigabaiti 500 za data na laini ya kupakia megabiti 10 kwa sekunde itahitaji siku nne na saa 15 kupeleka nakala ya kwanza, kama laini haitakatika hata mara moja na hakuna mgeni atakayetuma video ya simba. Baada ya hapo mambo ni mepesi: mabadiliko ya usiku yakiwa gigabaiti mbili, ni chini ya nusu saa. Mpango huu unawezekana Karatu bila shida. Kurudisha ndiko kwenye mtihani. Kwa megabiti 20 kwa sekunde za kupakua, gigabaiti 500 ni saa 56, na hiyo ni laini ikiwa nzima. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Watanzania walikaa siku kadhaa wakihangaika hata kufungua barua pepe. Baketi ya Cape Town au Dublin siku hiyo ilikuwa salama kabisa, lakini kuifikia kulikuwa shida.

Kwa hiyo nakala ya nje ya nchi peke yake haitoshi, na nakala ya chini ya meza peke yake haitoshi. Karatu inahitaji ya tatu, iliyo umbali wa gari: mashine ndogo kwenye ofisi ya Arusha, au kwa kampuni rafiki, inayopokea picha zile zile. Kutoka Arusha hadi Karatu kwa Land Cruiser ni safari ya saa mbili na nusu hivi, na laini ile ya megabiti 20 haiwezi kuleta gigabaiti 500 kwa muda huo. Wataalamu wa mitandao hupenda kuicheka diski inayosafiri kwenye gari. Wacheke tu.

Yupo atakayeuliza kuhusu sheria, na anauliza jambo la msingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na namba za pasi na mafaili ya wagonjwa ni taarifa za watu bila ubishi. Wapo wanaoitumia sheria hii kama kisingizio cha kutokufanya lolote: tukipeleka nje tutashtakiwa, basi tubaki na diski yetu ya USITOE. Hiyo ni kuisoma nusu. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayekusanya taarifa azilinde zisipotee wala kuharibika. Hospitali iliyopoteza historia ya matibabu ya mgonjwa wa kisukari kutoka Mang'ola haijamlinda kwa kuwa data yake haikuvuka mpaka. Anayekusanya taarifa afuate masharti, asajiliwe, aombe kibali panapotakiwa, na data isimbwe kabla ya kuondoka kwenye jengo. Hifadhi inayozungumza lugha ya S3 inaweza pia kuendeshwa hapa hapa nchini, na kwa halmashauri na hospitali za umma hiyo ndiyo njia inayoeleweka zaidi.

Usimbaji nao una deni lake. Programu ya restic haina mlango wa uani: neno la siri likipotea, vipande vyote vilivyo kwenye baketi ni kelele tupu, milele, na hakuna mtu wa kumpigia simu. Katika ofisi nyingi neno hilo analijua fundi mmoja. Akipata kazi Dodoma, au akigombana na mwajiri kuhusu malipo, nakala imeondoka naye. Bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja kwenye sefu ya mkurugenzi na nyingine benki, zinagharimu pungufu ya chakula cha mchana.

Na kuna suala la orodha, ambalo ni la kuchosha na kwa hiyo linarukwa. Mwaka 2019 watafiti walirudi Laetoli kutafuta nyayo nyingine zilizoonekana mwaka 1976, zile ambazo baadhi ya wataalamu walidhani ni za dubu. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyezifukua. Charles Musiba na wenzake walizipata kwa kutumia ramani na picha za miaka ya 1970, zilizoonyesha mahali kwa usahihi wa kutosha. Wakazisafisha, wakazichanganua kwa leza na picha za pande tatu, na Desemba 2021 jarida la Nature likachapisha matokeo kwamba ni za kiumbe aliyetembea wima. Bila zile ramani, nyayo zingekuwepo na zisingepatikana. Baketi yenye vitu 40,000 vyenye majina kama bekapu_mpya2 na bekapu_mwisho_kabisa iko katika hali hiyo. Kila picha ipewe jina lenye tarehe, saa, seva ilikotoka na toleo la programu, na orodha hiyo ichapishwe kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi.

Jirani wa Ngorongoro amekwishaonyesha kwamba kazi hii haihitaji miujiza. Mradi wa Snapshot Serengeti ulianza mwaka 2010 kwa kamera 225 za mitego zilizofungwa kwenye miti na vigingi, kila moja na kadi yake ndogo inayoweza kuliwa na fisi au kulowa kwa mvua moja. Picha zake, milioni 7.1 kwa misimu 11, leo ziko kwenye hifadhi za objekti za makampuni matatu tofauti, zimefunguliwa kwa yeyote, na watu huzipakua kila mara kufundishia kompyuta kutambua nyumbu na pundamilia. Kila anayepakua, bila kujua, anathibitisha kwamba nakala ni nzima. Data ya siri ya hospitali haiwezi kupata wakaguzi wa bure namna hiyo, lazima walipwe.

Na hapo ndipo fedha inapokwenda vibaya. Kwa bei ya kawaida ya S3 huko Virginia, gigabaiti 500 ni dola 11 na nusu kwa mwezi. Cape Town ni ghali zaidi, na makampuni mengine ni nafuu. Kuzitoa zote mara moja ni dola 36 hivi, na wapo wauzaji wasiotoza kitu kwa kutoa. Kwa loji inayolaza wageni kwa mamia ya dola, hii ni fedha ya vocha. Kinachogharimu ni siku ya fundi na siku ya mhasibu, na siku hizo hazimo kwenye mkataba wowote. Mikataba ya matengenezo ya kompyuta huandikwa "kuhifadhi nakala kila siku" na fundi hulipwa akionyesha alama ya kijani. GitLab nao walidhani wanayo.

Mkataba uandikwe upya. Fundi asilipwe kwa kupakia. Alipwe kwa hati ya kurejesha iliyosainiwa na mtu asiye fundi. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri, anapokagua mifumo, aombe hati hiyo kabla ya kuomba sera ya TEHAMA yenye kurasa 60. Bodi ya hospitali iulize swali moja kwa mwaka: mara ya mwisho tulifungua lini nakala yetu, na ilichukua saa ngapi? Jibu likiwa "hatujawahi", liandikwe hivyo hivyo kwenye muhtasari.

Muda wa kufanya zoezi hili upo, na umewekwa na mvua. Aprili na Mei, masika yakishika, barabara za hifadhini ni tope, loji nyingi za Karatu zinapaka rangi na kutoa likizo. Seva haina kazi, mhasibu yupo, laini ya intaneti haina wageni. Ichukuliwe kompyuta nyingine, iliyofutwa, isiyo na kumbukumbu yoyote ya ofisi. Fundi akae pembeni mikono mfukoni. Msaidizi wake, au mtu wa mapokezi, afungue bahasha, asome maelekezo yaliyochapishwa, apakue picha ya siku itakayotajwa na meneja papo hapo, kwa mfano tarehe 27 Desemba, wakati loji ilikuwa imejaa. Saa ianze kuhesabiwa anapobonyeza kitufe cha kwanza.

Kisha mhasibu aitwe. Asionyeshwe orodha ya mafaili wala asilimia. Aombwe afungue ankara ya chumba fulani cha usiku ule, akiwa ameshika karatasi iliyosainiwa na mgeni, na alinganishe mstari kwa mstari hadi jumla ya chini. Zikilingana, asaini, na saa zilizotumika ziandikwe. Zisipolingana, bado kuna wiki kadhaa za kurekebisha kabla ya wageni kurudi Juni.